Kituo cha redio kiganjani: vipaza sauti visivyo na waya kati ya mawe na ziwa

Kipaza sauti kisicho na waya, ambacho mafundi wa muziki na washereheshaji wa Mwanza hukiita maiki tu, ni kituo kamili cha redio kilichofinywa hadi kikatosha kiganjani. Ndani yake mna kapsuli, yaani kidude kinachogeuza mtikisiko wa sauti kuwa umeme, mna saketi inayoupandisha umeme huo juu ya wimbi la redio, na mna antena inayolirusha wimbi hilo hewani. Kile kisanduku kinachowekwa kando ya mikisa, chenye vijiti viwili vilivyosimama kama pembe, ni redio ya kulipokea. Asiyelijua hilo hukichukulia chombo hiki kama waya uliofichwa, na sauti ikikatika katikati ya hotuba ya baba wa bibi harusi humtazama fundi, hutikisa betri, hugonga kichwa cha maiki na kupuliza “haloo, haloo”, ilhali mara nyingi kosa liko hewani, mahali ambapo hakuna macho yanayofika.

Hewa ya Mwanza, kwa kazi hii, si hewa ya kila mahali. Jiji limeketi kwenye vilima vya granaiti vinavyoshuka hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mawe yale yanayopendeza kwenye picha za Jiwe la Bismarck ni yaleyale yanayotia kivuli cha redio kwenye mabonde yaliyo nyuma yake. Mbele ya mawe kuna maji tulivu na mapana, ambayo kwa wimbi la redio ni kioo, na kati ya mawe na maji kuna kumbi nyingi zilizoezekwa kwa mabati juu ya vyuma, ambazo kwa wimbi hilohilo ni debe. Fundi anayefunga mitambo yake Capri Point siku ya Ijumaa na Buhongwa siku ya Jumamosi amehama kutoka nchi moja ya mawimbi hadi nyingine, ingawa hajatoka nje ya jiji.

Ili kuelewa kinachotokea hewani ni lazima kwanza kueleza masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja, ambayo kwa vyombo hivi huhesabiwa kwa megahezi, au mamilioni ya mitetemo kwa sekunde. Vipaza sauti vingi vya kazi za kitaalamu hutumia sehemu ileile ya masafa inayotumiwa na televisheni za antena za kawaida, kwa utaratibu wa kujibanza katika nafasi ambazo vituo vya televisheni havikuzichukua mahali husika. Katika ukanda wa dunia unaojumuisha Afrika, mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 2006 uliipangia televisheni ya dijitali, pamoja na sehemu nyingine ya chini, masafa ya megahezi 470 hadi 862, yaliyogawanywa katika vipande vya megahezi 8 kila kimoja. Maiki ya kawaida huhitaji takriban sehemu moja ya arobaini ya kipande hicho, kwa hiyo ndani ya nafasi moja ya televisheni iliyo wazi zinaweza kuishi maiki kadhaa, alimradi ziwe zimepangwa kwa akili. Kwa upande wa nguvu hakuna ulinganifu wowote: maiki hurusha miliwati 10 hadi 50, wakati mnara wa televisheni unaweza kurusha maelfu ya wati, na kwa sababu hiyo maiki haishindani na mnara, bali huukwepa.

Nafasi ya kukwepa imekuwa ikipungua. Mikutano ya kimataifa ya redio, ule wa mwaka 2007 na ile iliyofuata, iliyatoa masafa yaliyo juu ya megahezi 790, na baadaye yale ya 694 hadi 790, ili yatumike kwa simu za mkononi. Tanzania ilianza kuzima matangazo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Mwanza ikafuata mapema mwaka 2013, wananchi wakanunua ving'amuzi, na kwa kuwa televisheni ya dijitali hubana vituo vingi katika kipande kimoja, ile sehemu ya juu ikabaki tupu na kuwa mali ya kunadiwa. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, iliyapiga mnada masafa ya megahezi 700. Wenye maduka ya vifaa vya muziki na wenye kumbi hawakuwa kwenye habari hiyo, wala hakuna aliyeona sababu ya kuwaita. Hata hivyo, tangu masafa hayo yaanze kupewa kampuni za simu, kila maiki iliyoandikwa namba kati ya 694 na 862 ilianza kuwa mpangaji katika nyumba iliyokwisha kuuzwa.

Dalili ya upangaji huo inawachanganya hata mafundi wazoefu, na inastahili kuelezwa kwa utaratibu. Mchana, ukumbi ukiwa mtupu, maiki hujaribiwa na kuonekana haina kasoro. Jioni, wageni mia tatu wakiisha kuketi, sauti huanza kukatika na kukwaruza, na lawama huwaangukia walioacha maiki ianguke. Kilichobadilika ni simu. Katika mgawanyo wa masafa ya simu kuna sehemu ambayo mnara huitumia kuzungumza na simu na sehemu nyingine ambayo simu huitumia kuujibu mnara, na katika kundi la megahezi 700 linalotumika pakubwa duniani simu hujibu kati ya 703 na 748. Maiki iliyo katika sehemu hiyo haioni tatizo ukumbi ukiwa mtupu, kwa kuwa mnara wenyewe uko mbali na unasema kwa masafa mengine; lakini bibi harusi akiingia na simu mia zikainuliwa kurusha picha mubashara, kipokezi huzungukwa na vituo mia vya redio vilivyo karibu nacho kuliko maiki yenyewe. Hakuna betri mpya itakayolitibu hilo. Dawa ni kuhamia chini ya megahezi 694, na kama chombo hakina uwezo wa kuhama, ni kukistaafisha.

Uingereza iliwaondoa watumiaji wa vipaza sauti kwenye megahezi 700 mwaka 2020, na Marekani ilikuwa imefanya hivyo katika masafa yanayokaribiana na hayo mwaka 2010. Sheria za namna hiyo hukataza matumizi, haziharibu vyombo, na bidhaa nzuri iliyopigwa marufuku kwao haikosi njia ya kuingia kwenye begi la msafiri au kwenye mzigo wa mitumba, ikauzwa kwa bei inayomfurahisha mnunuzi asiyejua kwa nini imeshuka. Kwa sababu hiyo jina la kampuni lililoandikwa kwenye maiki, hata kama ni Shure iliyotoa maiki yake ya kwanza isiyo na waya mwaka 1953, au Sennheiser iliyofuata Ujerumani mwaka 1957, halimsaidii mnunuzi kama ile namba ndogo iliyobandikwa chini ya kipokezi, inayotaja masafa ya mwanzo na ya mwisho. Mnunuzi anayeijua jozi hiyo ya namba hujilinda kwa kiasi kikubwa kuliko anayejua nembo, hasa katika soko ambalo nembo hughushiwa kwa ustadi. Upande wa sheria, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inayaweka matumizi ya masafa na uidhinishaji wa vyombo vya redio chini ya TCRA, ambayo ina ofisi ya kanda jijini Mwanza, na swali linaloulizwa pale kabla ya kununua ni rahisi kuliko hasara inayogunduliwa baadaye.

Baada ya kujua masafa yanayoruhusiwa, hatua inayofuata ni kuisikiliza hewa ya mahali penyewe. Vipokezi vingi vya kisasa vina kitufe cha kupekua, ambacho huyapitia masafa yote ya chombo na kuonyesha yale yaliyo wazi, na kosa linalofanyika mara nyingi ni kupekua ukiwa ofisini au nyumbani kisha kubeba majibu hayo hadi ukumbini. Katika jiji la vilima kosa hilo ni kubwa. Kipokezi kilichowekwa bondeni, nyuma ya mwamba, hakiusikii mnara wa televisheni ulio upande wa pili na kitaitangaza nafasi ya mnara huo kuwa tupu. Kikibebwa hadi bustani iliyo ukingoni mwa ziwa, ambako hakuna kizuizi bali maji, nafasi ileile hukutwa imejaa. Upekuzi hufanywa mahali pa tukio, antena zikiwa pale zitakapokuwa usiku, maiki zote zikiwa zimezimwa ili chombo kisizihesabu sauti za nyumbani kuwa ni za wageni, na mitambo mingine yote, yaani taa, skrini kubwa za picha na kompyuta, ikiwa imewashwa, kwa kuwa nayo huvuja mawimbi.

Tukio linapokuwa na maiki moja au mbili, kazi huishia hapo. Zinapokuwa nne au nane huzaliwa tatizo jingine, ambalo ndilo lenye utata zaidi katika fani hii, nalo ni mchanganyiko wa mawimbi. Virusha mawimbi viwili vikikaribiana, kwa mfano waimbaji wawili wakisimama bega kwa bega, wimbi la kimoja huingia ndani ya saketi ya kingine na kuzalisha masafa mapya ambayo hakuna aliyeyawasha. Mtoto mkorofi kuliko wote hupatikana kwa kulizidisha mara mbili wimbi la kwanza na kutoa la pili. Mtu aliyepanga maiki zake kwa unadhifu, ya kwanza megahezi 600.0, ya pili 600.4 na ya tatu 600.8, amejitegea mtego mwenyewe: 600.4 mara mbili ni 1,200.8, ukitoa 600.0 hubaki 600.8, yaani maiki mbili za kwanza zinarusha kivuli chao moja kwa moja juu ya ya tatu. Unadhifu, katika mambo haya, ni adui. Maiki mbili huzaa watoto wawili wa aina hiyo; nne huzaa kumi na wawili, na nane huzaa hamsini na sita, mbali na wale wanaozaliwa na maiki tatu kwa pamoja, ambao kwa maiki nane hufika 168. Hakuna fundi anayeweza kuyakokotoa hayo kichwani huku kwaya ikisubiri, na ndiyo maana watengenezaji huyapanga masafa katika makundi yaliyokwisha kukokotolewa: anayezichukua maiki zake zote kutoka kundi moja huwa salama, na anayechanganya makundi, au nembo mbili, hurudi kwenye bahati nasibu.

Uwanja unaolionyesha jambo hili vizuri kuliko ukumbi wowote uko Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji, kwenye kituo cha utamaduni wa Wasukuma kilichoasisiwa na padri David Clement wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Kila mwaka ifikapo Juni, katika majira ya sherehe ya Ekaristi, hufanyika hapo Bulabo, neno la Kisukuma lenye maana ya maua, na ngoma za Bagika na Bagalu hushindana. Mashindano ya kimila ya pande hizo mbili yana kanuni ambayo fundi wa sauti hawezi kuisikia bila kutetemeka: vikundi hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Maana yake ni kwamba kila upande una sababu ya kuuzidi mwingine kwa sauti, na kila upande ukija na mitambo yake siku hiyo hupanga masafa bila kumshauri mpinzani. Wimbi halijui Bagika wala Bagalu. Maiki mbili zilizo kwenye masafa mamoja, kila moja ikiwa na kipokezi chake, hazigawani nafasi kwa haki, kwa kuwa kipokezi cha aina hii huikamata ile yenye nguvu zaidi mahali kilipo na kuinyamazisha nyingine, na kuna uwezekano wa kweli kwamba spika za upande mmoja zitatoa uimbaji wa manju wa upande wa pili. Mafundi wa pande zinazoshindana hawana budi kukaa pamoja kabla ya ngoma, waandike masafa ya wote kwenye karatasi moja, na waweke pia maiki ya mshereheshaji na za waandishi wa televisheni waliokuja kurekodi, ambao kwa desturi hufika mwishoni na kuwasha bila kuuliza.

Kuhusu antena, jambo la kwanza ni urefu wa wimbi. Kwa megahezi 600 wimbi moja lina urefu wa sentimita 50, na kitu chochote chenye ukubwa unaokaribia huo, kuanzia nguzo ya chuma hadi kifua cha mtu, kinaweza kulizuia, kulimeza au kulirudisha. Mwili wa binadamu, ambao zaidi ya nusu yake ni maji, humeza mawimbi haya vizuri sana, na kipokezi kilichofichwa chini ya meza nyuma ya safu tano za wageni waliosimama kucheza kimezungushiwa ukuta wa maji. Kanuni ni antena kuona maiki kwa macho: ziinuliwe juu ya vichwa, mita mbili au tatu kutoka chini, mbali na mabati na mbali na mikisa yenyewe. Katika ukumbi wa mabati wimbi hufika kwenye antena mara nyingi, mara moja kwa njia ya moja kwa moja na mara nyingine baada ya kugonga paa na kuta, na pale ambapo nakala mbili hukutana zikiwa kinyume hufutana, msemaji akapiga hatua moja na sauti ikapotea, akapiga nyingine ikarudi. Hiyo ndiyo sababu ya antena mbili kwenye kipokezi: tundu linapoimeza moja, kuna matumaini kwamba nyingine, iliyo umbali wa angalau robo ya wimbi na ikiwezekana zaidi, bado inasikia. Anayezilaza antena hizo pamoja zikaelekea upande mmoja, au anayeondoa moja aikopeshe kwa jirani, amenunua kipokezi cha antena mbili ili akitumie kama cha moja.

Kwenye bustani za ufukweni uso wa maji huongeza nakala moja ya wimbi, na suluhisho lake ni lilelile, pamoja na kuepuka kuweka jukwaa na kipokezi katika pande mbili zinazotazamana juu ya ghuba. Kwenye vivuko na meli hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa sitaha na kuta ni chuma kitupu, na tangazo linalosikika vizuri sitaha ya juu hufa mlangoni mwa ngazi. Huko maiki ya waya haina mpinzani.

Kebo ya antena nayo ina hadithi inayosimuliwa vibaya. Mafundi wengi huonywa kwamba kebo ya televisheni, ambayo ukinzani wake ni omu 75, haifai kwa vipokezi vilivyoundwa kwa omu 50, na onyo hilo ni kweli kwenye karatasi. Lakini hasara inayotokana na tofauti hiyo ni ndogo mno, ilhali kebo nyembamba ya omu 50 yenye urefu wa mita 10 inaweza kumeza zaidi ya nusu ya nguvu iliyonaswa. Kebo nene na nzuri ya televisheni, iliyofungwa viungio vyake kwa uangalifu, mara nyingi huishinda kebo nyembamba iliyo “sahihi”. Kinachoua ni viungio vilivyosokotwa kwa mkono na kufunikwa kwa utepe.

Tatizo linapotokea tukio likiendelea, utambuzi huanzia kwenye taa mbili za kipokezi, ambazo ni ajabu kuona jinsi zinavyopuuzwa. Moja huonyesha wimbi la redio, na nyingine huonyesha sauti iliyobebwa na wimbi hilo. Taa ya wimbi ikizimika sauti inapokatika, kosa liko hewani au kwenye betri: umbali, mwili, antena. Taa ya wimbi ikiwaka imara huku ya sauti ikiwa kimya, redio haina hatia, na kosa liko kwenye kapsuli, kwenye swichi au, kama ni maiki ya kifuani, kwenye kile kiungio kidogo kinachoingia kwenye kisanduku cha kiunoni, ambacho huchoka kuliko sehemu nyingine yoyote. Taa zote mbili zikicheza na spika zikawa kimya, maiki iachwe mahali pake na fundi arudi kwenye kebo ya mikisa. Hali ya nne ndiyo ya kutisha: maiki imezimwa, lakini taa ya wimbi inawaka. Hapo kuna mtu mwingine kwenye masafa hayo, na kwa muda ambao maiki imewashwa mtu huyo hufunikwa na kusahaulika, hadi msemaji anapoizima na spika kupasuka kwa mvumo au kwa matangazo ya watu wasioalikwa. Kwa hiyo jaribio la kweli la mfumo wa maiki nyingi ni kuziwasha zote isipokuwa moja, kuitazama taa ya hiyo moja, kisha kubadilishana hadi zote zimalizike. Kuziwasha moja moja peke yake hakuthibitishi kitu.

Kipokezi huwa pia na kirekebishi kinachofanya kazi kama mlango: wimbi likidhoofika kupita kiwango kilichowekwa, mlango hufungwa ili mkwaruzo wa hewa tupu usifike kwenye spika. Ukiwekwa mkali sana, maiki hukatika karibu. Ukilegezwa kabisa, kelele huingia. Mafundi wenye haraka huulegeza mlango hadi mwisho ili kupata umbali, na hivyo kununua hatua tano za ziada kwa bei ya mikwaruzo ya usiku kucha.

Betri zilitajwa mwanzoni kama mshukiwa asiye na hatia, lakini si kila mara. Betri za bei ndogo za kaboni na zinki, zinazofaa kwa redio na tochi, huishiwa upesi katika chombo kinachokula umeme bila kupumzika, na anguko lao huja bila heshima ya taarifa. Betri za alikalini huanza na volti 1.5 na kushuka taratibu. Zile za kuchajiwa husimama karibu na volti 1.2 muda mwingi kisha huporomoka, na kwa kuwa vipimo vya maiki nyingi vimetengenezwa kwa kufuata mteremko wa alikalini, betri iliyochajiwa vizuri inaweza kuonyeshwa kuwa nusu, na ile iliyobakiza dakika chache kuonyeshwa hivyohivyo. Anayetumia za kuchajiwa huamini saa, haamini kipimo.

Baada ya betri hufuata mkono. Katika maiki nyingi za kushika antena iko mkiani, na msanii anayeushika mkia huo amefunika kituo chake cha redio kwa kiganja cha maji; anayekumbatia kichwa cha maiki kwa mtindo wa vijana wa jukwaani amefanya kosa la upande wa pili, kwa kuziba matundu yanayoiwezesha kapsuli kukataa sauti za nyuma, na spika huanza kulia ule mlio mwembamba unaotoboa masikio. Mlio huo, ambao lawama zake hubebeshwa sana kukosekana kwa waya, hauhusiani na waya: ni sauti ya spika inayorudi kwenye maiki na kuzunguka, na ungetokea vilevile kwa maiki ya kamba. Katika ibada kosa la kawaida ni kisanduku cha kiunoni kuwekwa mfuko mmoja na simu, kisha ule mlio wa kukatakata unaotangulia simu kuita ukasikika kanisa zima katikati ya sala. Mlio huo ni midundo 217 kwa sekunde ya mfumo wa simu wa kizazi cha pili, inayopenya moja kwa moja kwenye saketi ya sauti, na kubadili masafa ya maiki hakutauondoa. Simu itolewe mfukoni.

Maiki za bei nafuu zinazotumia gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya intaneti isiyo na waya, hazihitaji maelezo marefu: zinafaa darasani na kwenye mahojiano ya karibu, na hazifai mahali penye watu mia wenye simu.

Kuna jambo moja ambalo kwalo mawe ya Mwanza huzipa maiki hizi hoja nzito kuliko urahisi wa kutembea nazo. Usalama wa umeme wa jengo hutegemea ethi, yaani fimbo ya chuma inayozamishwa ardhini ili umeme uliopotea njia uishie huko, na fimbo hiyo hufanya kazi vizuri kwenye udongo mnene wenye unyevu. Juu ya granaiti haizami, na ikizama kidogo hukutana na mwamba mkavu unaoukataa umeme. Ukichukua jukwaa linalolishwa na jenereta upande mmoja na umeme wa TANESCO upande wa pili, kila upande ukiwa na ethi yake dhaifu, matokeo yake hafifu ni mvumo mzito wa hezi 50 kwenye spika, na matokeo yake mabaya ni mpiga gitaa anayegusa nyuzi kwa vidole na maiki ya waya kwa midomo, akawa yeye mwenyewe ndiye waya unaounganisha pande mbili. Desturi ya kukata kile kijino cha tatu cha plagi ili mvumo unyamaze huuficha ugonjwa na kuikuza hatari. Maiki isiyo na waya huikata njia hiyo kabisa, kwa sababu kati ya mdomo wa mwimbaji na mtambo hakuna kitu kingine isipokuwa hewa, na kwa ukumbi uliojengwa juu ya jabali hilo pekee latosha kuwa sababu ya kuinunua, hata kama mchungaji hana nia ya kushuka madhabahuni.

Tukio likiisha, betri hutolewa usiku huohuo, kwa maana zikiachwa huvujisha kemikali inayokula chemchemi za ndani, na sponji ya kichwani huoshwa na kukaushwa, kwani unyevu wa mate na wa ziwa huingia kwenye kapsuli polepole na kuififisha sauti bila mtu kujua siku ilipoanza. Kisha huandikwa kwenye daftari mahali, tarehe, masafa yaliyofanya kazi na yaliyokataa. Ukurasa wa Kirumba haukopeshwi Kisesa, na ukurasa wa mwaka jana hupoteza thamani siku mnara mpya unaposimama juu ya kilima kinachoutazama uwanja.